Maji yatashukia wapi? Siku tisa kutoka Mwanjelwa hadi Ikombe, kisha Iringa

Jumatano, Mbeya

Safari hii imetokana na swali moja. Wiki iliyopita mwalimu wangu wa studio alizunguka modeli yangu mara mbili, akainama, akachungulia ndani, akauliza: "Maji ya mvua yatashukia wapi?" Sikuwa na jibu.

Niko mwaka wa nne wa usanifu majengo. Modeli ilikuwa ya soko dogo la kata, na kiwanja chake kiko Rungwe, nje kidogo ya mji wa Tukuyu. Nilikuwa nimelipa soko hilo umbo la chungu cha Kikisi, yaani cha Wakisi wa ufukweni mwa Ziwa Nyasa: kuta zimevimba tumboni, zimebana shingoni, na juu nimeacha mdomo wazi ili mwanga uingie. Wenzangu walilipenda, wengine walilipiga picha. Lakini Tukuyu hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ukiacha mdomo wazi mahali kama pale, mama anayeuza ndizi chini yake atasimama ndani ya maji tangu Novemba mpaka Mei.

"Umekichora kutoka kwenye picha," mwalimu aliniambia. "Nenda ukakishike."

Ni kweli, nilikichora kutoka kwenye picha. Kwa hiyo leo asubuhi nimeingia soko la Mwanjelwa na daftari, penseli mbili za 2B na futi kamba ya mita tano. Vyungu vya Kikisi viko pale siku zote, vimepangwa juu ya nyasi kavu, vyekundu na vyeupe. Nimevipita mara nyingi nikienda kununua mchele. Muuzaji aliniambia vinatoka Ziwa Nyasa, vinavuka kwa mtumbwi, halafu vinapanda Kyela kwa gari, na katika kila mzigo kuna vinavyovunjika.

Nikaomba kuona vilivyovunjika. Alishangaa, kwa sababu hakuna mteja anayeomba hivyo, ila akaniletea nusu chungu kutoka nyuma ya meza. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Chungu kilichopasuka katikati ni mchoro wa mkato ambao mtu amekuchorea tayari: unaona unene wa kitako, unaona ukuta unavyopungua ukielekea tumboni, unaona unavyonenepa tena mdomoni. Kwenye modeli yangu ukuta wote ulikuwa na unene mmoja, kwa sababu kadibodi ina unene mmoja. Nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu saa nzima nikichora kigae kile. Muuzaji amenipa bure.

Alhamisi, Tukuyu

Coaster imenishusha saa nne kasoro, baada ya kilomita kama 70 za kupanda na kushuka. Mwezi huu wa Julai si wa mvua, lakini Tukuyu haisubiri masika: ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya chai na manyunyu yalikuwa yanaanguka. Nilikwenda kiwanjani kwanza. Nilisimama palepale ambapo kwenye ramani nimeandika "lango kuu", nikaona maji yanapita kati ya miguu yangu kuelekea bondeni. Hiyo njia ya maji haimo kwenye ramani yangu.

Kutoka pale nimefuata barabara ya vumbi (leo ya tope) hadi kwa mzee anayetengeneza matenga. Kwa msomaji ambaye hajafika huku: tenga ni chombo cha mianzi iliyopasuliwa, ambacho nyanya, maparachichi na ndizi husafiria mpaka Dar es Salaam. Limezoeleka kiasi kwamba likishamwagwa mzigo, watu hulitupa tu pembeni mwa soko. Mimi nimekulia Mbeya na sikuwahi kuliangalia hata mara moja kama kitu ambacho mtu amekifikiria.

"Ugonile," nilimsalimu mzee.

"Ndaga, mwanangu. Unataka mangapi?"

Nilipomwambia nataka kuangalia tu, alinisogezea kigoda. Anapasua mwanzi kwa panga kuanzia kwenye ncha nyembamba, anausukuma, nao unajifungua wenyewe kwa mstari ulionyooka mpaka mwisho. Fito nene ndizo zinazosimama, nyembamba ndizo zinazozunguka. Nilimwuliza kwa nini haachi tenga lizibe kabisa, liwe imara zaidi.

"Nyanya inapumua," alisema. "Ukiiziba inaoza kabla ya Makambako."

Halafu akanieleza habari ya kukata mianzi. Mwanzi unaokatwa wakati wa mvua, unapokuwa unakua, huwa na utamu ndani yake na wadudu huupenda. Baada ya miezi michache unaona unga mweupe unamwagika chini. Wa kiangazi hudumu. Darasani tulifundishwa kwamba mwanzi una wanga na kwamba wanga ndio chakula cha wadudu wanaotoboa. Mzee hana haja ya hilo neno, na mianzi yake imekaa chini ya paa tangu mwezi uliopita, imeegemezwa wima isiguse ardhi.

Nyumba za zamani za Wanyakyusa zilijengwa kwa mianzi hii hii na kuezekwa kwa nyasi, na Wazungu wa kwanza kupita huku mwishoni mwa karne ya 19 waliandika kwa kuzistaajabia. Leo nimehesabu njiani: tofali za kuchoma na bati za msauzi, nyumba baada ya nyumba. Sina ugomvi na bati, kwa mvua hii hata mimi ningeezeka bati. Lakini mianzi imebaki kwenye jiko la nje, kwenye banda la kuku na kwenye ua wa bafu, na jiko la nje ndilo nililokuta watu wote wa nyumba wamekaa, moshi ukitoka kwenye mianya ya ukuta bila kuhitaji dirisha. Nimechora ule ukuta. Nimechora pia tenga, kurasa nne.

Ijumaa, njiani hadi Matema

Tukuyu mpaka Kyela, Kyela mpaka Ipinda, Ipinda mpaka Matema. Ukishuka unavua koti, halafu sweta. Ziwa liko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, yaani zaidi ya kilomita moja chini ya Tukuyu, na joto lake ni la pwani. Mashamba ya mpunga, minazi, kakao imeanikwa kwenye mikeka.

Jioni nimekaa mchangani nikifikiria kitu ambacho mwalimu alikitaja mara moja tu na mimi sikukishika vizuri. Mwaka 1955 msanifu majengo Le Corbusier alimaliza kanisa la Ronchamp, Ufaransa. Paa lake lilitokana na gamba la kaa aliloliokota ufukweni Long Island, Marekani, mwaka 1946. Nilipoisikia habari hiyo mara ya kwanza, nilielewa kwamba alinakili kaa. Lakini ukilitazama lile kanisa huoni kaa. Alichokichukua ni jinsi gamba lilivyo jepesi na bado likaweza kubeba uzito. Paa lake ni ngozi mbili nyembamba za zege, sentimita 6 kila moja, na katikati yake kuna uwazi wa zaidi ya mita mbili. Gamba lilimfundisha namna ya kusimama.

Hapa kwetu msanifu majengo Beda Amuli alifanya jambo la aina hiyo kwenye soko la Kariakoo, Dar es Salaam, lililojengwa miaka ya 1970. Watu wetu wamekuwa wakiuziana bidhaa chini ya mti tangu zamani. Yeye akaweka miavuli mikubwa ya zege juu ya nguzo, moja baada ya nyingine, na watu wakakaa chini yake. Hakuna jani hata moja lililochorwa mle.

Mimi nilichora chungu.

Jumamosi, Lyulilo na Ikombe

Soko la vyungu la Lyulilo ni la Jumamosi. Nilitembea kwa miguu kutoka Matema kabla jua halijapanda, na bado mitumbwi ilikuwa imenitangulia. Vyungu vilikuwa vimepangwa ufukweni kwa ukubwa, vidogo ndani ya vikubwa, nyasi zikiwa kati yake. Wanunuzi wengine walikuwa wanagonga kila chungu kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Kizima kinalia, chenye ufa kinajibu kwa sauti iliyokufa. Nimegonga vyungu vingi leo, mpaka sikio langu likaanza kutofautisha.

Milima ya Livingstone imeshuka hapa moja kwa moja mpaka majini. Ukiona mlima ulivyolisogelea ziwa, unaelewa kwa nini Wakisi walishika udongo: shamba ni finyu, na kwa vizazi vingi chungu ndicho kilichovuka ziwa kwenda kubadilishwa na nafaka. Mchana nilipata nafasi kwenye mtumbwi wa akina mama waliokuwa wanarudi Ikombe, na mmoja wao akakubali nikae naye mpaka jioni.

Hakunionyesha chochote kwanza. Alinipa bonge la udongo nilikande. Nilikanda mpaka vidole vikauma, akalichukua, akalikata katikati kwa uzi, akanionyesha tundu dogo la hewa. "Hili likikutana na moto linapasua chungu kizima." Nikakanda tena.

Hatumii gurudumu. Anaweka udongo juu ya kigae cha chungu cha zamani, na kigae kinazunguka kwa mkono wake wa kushoto huku wa kulia ukivuta ukuta juu. Kwa hiyo chungu kipya kinalelewa na kipande cha chungu kilichokufa. Anaparua kwa gunzi la mahindi, anasubiri kidogo, anaparua tena. Ukuta unapanda polepole, na kila unapofika mahali fulani anauacha upumzike kivulini. Jua, aliniambia, ni adui wa siku ya kwanza. Chungu kikikauka upande mmoja kabla ya mwingine, kinajivuta chenyewe mpaka kinapasuka. Zege nalo ni hivyo hivyo. Ndiyo maana tunalimwagilia maji siku baada ya siku, na ndiyo maana mafundi wenye haraka wanaacha nyufa.

"Mama, unajuaje kwamba unene unatosha?"

Aliingiza mkono mmoja ndani, mwingine akauweka nje, akanishika mikono yangu akaiweka hivyo hivyo. "Mkono wa nje ukiusikia mkono wa ndani, umepitiliza."

Nilijaribu. Mwanzoni sikusikia kitu, kisha karibu na shingo nikasikia wazi vidole vyangu vikigusana kupitia udongo. Tayari nilikuwa nimeharibu. Hakunigombeza, aliukunja ule ukuta, akaurudisha kwenye bonge.

Kisha nikauliza swali ambalo limenifungua macho kuliko yote ya safari hii. Kitako cha chungu ni mviringo, hakikai sakafuni bila kata, ile pete ya kukishikilia. Modeli yangu ilikuwa na sakafu bapa ndani ya umbo la chungu, na ile pembe ambapo ukuta unakutana na sakafu ilinisumbua tangu siku ya kwanza.

"Kwa nini hukiwekei kitako bapa, mama? Kingesimama chenyewe."

"Kisimame wapi? Kwangu kinakaa juu ya mafiga." Alionyesha kwa kidevu mahali pa moto. "Na ukikiwekea kona, moto utaanza na kona."

Moto utaanza na kona. Nilikaa na maneno hayo kwa muda. Angalia nyumba yoyote ya tofali iliyopasuka: ufa umeanzia kwenye kona ya dirisha au ya mlango, umekwenda mshazari. Nguvu zinakusanyika pale. Tumefundishwa hivyo, tumechora mishale, tumefanyia mtihani. Mfinyanzi huyu ameondoa kona kabisa kwa sababu hana nondo za kuisaidia. Mviringo wa chungu, ambao mimi niliuchukua kwa sababu ni mzuri machoni, upo kwa sababu ya moto. Soko langu halipikwi, kwa hiyo halina sababu ya kuwa mviringo kila mahali. Lina sababu ya kuchunga kona za madirisha yake.

Alinionyesha mahali pa kuchomea: duara la majivu kwenye uwanja, hakuna tanuri, ni kuni na nyasi tu. Alinionyesha jiwe laini la ziwani analong'arishia chungu kabla ya moto, limekwisha upande mmoja kwa kutumika. Ndani ya nyumba kulikuwa na mtungi wa maji ya kunywa, umetoka jasho kwa nje, na maji yake yalikuwa ya baridi katika joto lile. Udongo unayapitisha maji kidogo kidogo, yanakauka juu ya ngozi ya mtungi, na kukauka huko kunachukua joto. Chungu hiki hakijafunga kila kitu kama nilivyodhani. Kinaachia kwa kipimo. Tenga nalo linaachia, ila hewa.

Nimerudi Matema usiku, kwa miguu, nikiwa na udongo chini ya kucha zote.

Jumapili, Kiwira

Siku ya magari. Nimepumzika safari Kiwira na kuchukua bodaboda mpaka Daraja la Mungu. Ni daraja la mwamba wa volkano ambalo hakuna aliyelijenga: lava iliganda, mto Kiwira ukapita chini yake na unaendelea kupita. Nimechora upinde wake mara moja, sikuhitaji ya pili. Usiku nimelala kwetu Mbeya.

Jumatatu, basi la Iringa

Zaidi ya kilomita 300. Igurusi, Chimala, Igawa, kisha Makambako na upepo wake, kisha Mafinga. Kuanzia karibu na Mafinga misonobari ya Sao Hill inakwenda pamoja nawe upande huu na ule, na kando ya barabara kuna mbao zimepangwa kwa kupishana ili hewa ipite kati yake. Mbili kwa nne, mbili kwa sita. Karibu kila kenchi niliyowahi kuiona Mbeya imezaliwa hapa. Nimelala sehemu kubwa ya njia.

Jumanne, Iringa mjini

Boma la Iringa Wajerumani walilijenga mwaka 1900 liwe hospitali, na sasa ni makumbusho. Nilikwenda kwa ajili ya vitu vilivyomo nikaishia kuchora madirisha. Kuta ni nene kiasi kwamba mkono wangu ulizama kwenye kina cha dirisha mpaka kiwiko, na jua la saa saba lilikuwa linaishia palepale kwenye kizingiti, haliingii chumbani. Kwa upande wa vitu, nilisimama muda mrefu mbele ya vyombo vya nyumbani vya Wahehe, vikapu hasa.

Jina la mji lenyewe linatokana na neno la Kihehe *lilinga*, ngome. Ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ilikuwa Kalenga, yenye ukuta wa mawe, na Wajerumani waliivunja kwa mizinga mwezi Oktoba 1894. Mtu anayesoma majengo hawezi kukaa mji huu bila kuufikiria ukuta ule, uliojengwa na watu wa hapa kwa akili yao, na ambao sasa umebaki mabaki tu.

Mchana nilipita Neema Crafts, karakana ya mafundi wenye ulemavu, iliyoanzishwa mwaka 2003. Wanatengeneza hata karatasi kutokana na kinyesi cha tembo. Niliinua karatasi moja kuelekea dirishani: nyuzi za majani ambayo tembo alikula zilionekana zote, na mwanga uliopita ulikuwa laini, wa rangi ya asali. Nimenunua karatasi mbili za kutengenezea modeli mpya.

Sokoni dada mmoja anauza vikapu vya milulu. Nilimwuliza vinaanzia wapi kusukwa na vinaishia wapi. Akacheka, akasema hilo nikamwulize mama yake, yuko kijijini upande wa Kalenga, na keshokutwa anakwenda kuchukua mzigo. Tumekubaliana niende naye.

Jumatano, Igeleke na Isimila

Asubuhi Igeleke, karibu na mji. Chini ya mwamba mkubwa kuna michoro ya kale, watu na wanyama, rangi nyekundu ya udongo. Nilikuja kuona mistari: miguu iliyochorwa kwa mkwaruzo mmoja, mgongo wa mnyama uliotoka mara moja bila kurudiwa. Nilinakili michache na mkono wangu ukaona aibu ya kufutafuta.

Halafu niliangalia chini. Ardhi ina mpaka. Upande wa nje kuna nyasi na vijiwe vilivyooshwa na matone. Upande wa ndani ni vumbi kavu, jepesi kama unga. Mpaka unafuata ukingo wa mwamba ulio juu, ambao umetokeza mbele kama upenu wa nyumba. Nilifunga jiwe kwenye uzi nikalining'iniza kutoka pale nilipoweza kufikia ukingo, likaangukia mpakani. Na michoro yote niliyoiona iko ndani ya mpaka huo. Mwamba wa nje, ambao mvua inaufikia, ni mtupu. Labda nako watu walichora. Kama walichora, maji yamekula.

Nilikaa kwenye vumbi lile nikafungua ukurasa wa modeli yangu ya zamani. Hata baada ya kufuta ule mdomo wazi, nilikuwa nimechora upenu wa sentimita 60, kwa sababu ndivyo tunavyochora. Mvua ya Tukuyu haianguki wima, inakuja na upepo. Nimeandika: upenu, mita 2, si chini ya hapo.

Mchana Isimila, kilomita kama 20 kwenye barabara ya Mbeya. Zana za Enzi ya Mawe ziligunduliwa hapa mwaka 1951, na uchimbaji mkubwa ukafanyika miaka ya 1957 na 1958. Watu wengi huja kwa ajili ya nguzo ndefu za ardhi zilizochongwa na maji na upepo, na kweli ni nzuri mno. Mimi nilivutwa na shoka za mkono. Umbo la tone, pande mbili zinafanana, ncha moja ya kukata na kitako cha kushika. Aliyeligonga jiwe lile hakuwa na daftari, ila aliliona umbo ndani ya jiwe kabla ya kuanza, na alijua mkono utakaa wapi.

Alhamisi, kijijini

"Kamwene, bibi."

"Kamwene. Huyu ndiye mjenzi?" alimwuliza binti yake.

Bibi anasuka akiwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, milulu iliyolowekwa imelala kando yake kwenye kitambaa chenye maji. Milulu ni majani marefu ya kinamasi. Hukatwa, hukaushwa, na hulowekwa tena kabla ya kusuka, kwani mikavu inavunjika. Mingine ameipaka rangi ya mizizi na majani iliyochemshwa.

Kikapu kinaanzia kwenye kitako: milulu michache imepishana kama barabara mbili zinazokutana, halafu mmoja unaanza kuzunguka. Nilidhani kikapu kinatanuka kwa sababu msukaji anakiachia. Sivyo. Kila anapotaka kitanuke, anaongeza milulu ya kusimama, mmoja hapa, mmoja pale, kwa hesabu. Anapotaka kibane, anavuta ule unaozunguka. Kwa hiyo umbo lote la kikapu limo katika maamuzi mawili, kuongeza na kuvuta, na ukijua kuhesabu unaweza kulisoma kikapu kikishaisha. Nililisoma moja: kule chini ameongeza mara sita, juu hajaongeza hata mmoja.

Alinipa kitako nikisuke. Mzunguko wa nne akautazama, akaufumua.

"Unakimbilia wapi? Bado hakijakaa."

Nilianza tena. Alifumua tena, mara tatu kwa jumla, na ya nne akaiacha, hakusema kitu.

Tulipokuwa tunakula nilimwuliza kuhusu tembe. Alizaliwa ndani ya tembe: vyumba vimezunguka uwanja, kuta za miti na udongo, na paa bapa la udongo ambalo mtoto angeweza kupanda na kuanika mahindi. Kila mwaka, alisema, kabla mvua hazijaanza, baba yake alipanda na kuongeza udongo, akaushindilia kwa miguu, na wao watoto walikuwa wanapandishiwa kazi hiyo kama mchezo. Huku mvua ni chache kuliko Rungwe, paa lile lilitosha kwa matengenezo ya mara moja kwa mwaka. Kule Tukuyu lisingemaliza masika moja. Kumbe swali la mwalimu wangu, baba yake bibi alikuwa amelijibu kwa miguu yake, kila mwaka.

Alasiri nimechora. Nimeanza na mchoro wa mkato, sikugusa ramani ya sakafu. Paa moja refu la bati juu ya kenchi za mbao za Mafinga, limeinamia upande wa bonde, upenu wa mita 2 umevuka mbele ya wauzaji. Maji yanaanguka kwenye mfereji wa mawe uliofuata ile njia niliyoiona kati ya miguu yangu, yanaingia tanki la kuoshea mboga, yanayozidi yanaendelea bondeni kama zamani. Chini ni ukuta wa tofali za kuchoma, na madirisha yake yamekaa mbali na pembe. Juu yake ni paneli za mianzi ya kiangazi zilizosukwa kama tenga, zimeachia hewa, na mahali pa nyama na maziwa zimesukwa karibu karibu zaidi. Nguzo zimekaa kwa hesabu: pale ambapo watu wanasongamana nimeongeza, pale wanapopita nimeacha.

Hakuna chungu kwenye mchoro huu. Bibi ameutazama kwa muda, ameugeuza juu chini, akaweka kidole kwenye mshale nilioandika "maji".

"Yanashukia hapa?"

"Ndiyo, bibi."

"Na hapa?" Kidole kimehamia upande wa pili wa paa, kwenye kona ya nyuma ambako nimechora ghala. Upande ule una upenu mfupi, na upepo wa kutoka mlimani unaupiga moja kwa moja.

Hiyo kona bado. Basi langu la Mbeya ni la kesho saa sita mchana, na bibi amesema asubuhi tutasuka kwanza mzunguko wa kuongezea. Kabla ya kulala ameniagiza niloweke milulu ya kesho. Ndoo iko mlangoni, nimeijaza, na milulu nimeizamisha yote isipokuwa mmoja, ambao nimeuweka ndani ya daftari, kwenye ukurasa wa ghala.